Faili limefunguka sawa, ila umelisoma?

Wanafunzi wengi hapa Dodoma wenye projekti za mvua, maji ama kilimo hunitafuta na tatizo lilelile, "kaka, faili limegoma kufunguka, nifanyeje?" Nawasaidia na mara nyingi tunalimaliza, lakini kiukweli faili lililogoma halinipi presha. Likigoma unajua limegoma, utahangaika, utauliza watu, mwisho litafunguka. Linalonitisha ni lile lililofunguka mara ya kwanza bila error yoyote, grafu ikatoka na rangi zake, ikaingia kwenye ripoti, ripoti ikapita, na namba zilizomo mule siyo mvua ya Dodoma hata kidogo. Hilo ndo nataka tuliongee leo kwa kirefu, maana naona tunafundishana sana kufungua mafaili na hatufundishani kuyasoma.

Tuanze na data zenyewe. Mtu akitaka mvua ya Chemba au Mpwapwa ya miaka mingi, vituo vya kupima viko vichache na vimeachana mbali, kwa hiyo wengi tunakimbilia data za satelaiti na za modeli. Maarufu ni CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California pale Santa Barbara wakishirikiana na USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, inaanzia 1981, inachanganya vipimo vya satelaiti na vya vituo vya ardhini, na kila kisanduku chake kina upana wa nyuzi 0.05, yaani kama kilomita 5 na nusu hivi. Nyingine ni ERA5 ya ECMWF, kituo cha Ulaya cha utabiri, hiyo inarudi nyuma mpaka 1940 na inatoa saa kwa saa, ila visanduku vyake ni vikubwa, nyuzi 0.25. Zote ni bure, na hapo ndo uzuri ulipo, kijana aliyeko Ng'ong'ona mwenye laptopu na bando anapata data zilezile anazotumia profesa wa Ulaya.

Ila haziji kama shiti ya Excel. Zinakuja kwenye NetCDF, ambayo ilitengenezwa na Unidata kule Boulder, Colorado mwishoni mwa miaka ya 1980, au kwenye HDF5 ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Illinois, au GRIB ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na ukipewa data na mtafiti mwingine unaweza kukuta .mat ya MATLAB, ile programu ya kulipia ya kufanyia hesabu. Mafaili haya siyo namba tupu. NetCDF kwa mfano imebeba ndani yake jina la kila kitu, kipimo chake, imeanza kuhesabu siku lini, alama gani imewekwa pale ambapo hamna data, na mara nyingi hata historia ya nani kalitengeneza na kwa programu gani. Waliobuni mfumo huu walijua faili litazunguka dunia na kufunguliwa na watu ambao hawatakutana kamwe na aliyelitengeneza, ndo maana wakaweka maelezo ndani ya faili lenyewe. Sasa sisi tunayaruka hayo maelezo, tunaenda moja kwa moja kwenye namba.

Wanunuzi wa nafaka pale Kibaigwa hawalipii gunia kabla hawajalichoma bambo, kile chuma cha kuchomolea sampuli, wakaona kilichomo, na kwa faili bambo lako ni amri moja tu, `ncdump -h` kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, au `ncdisp` kwenye MATLAB na Octave, au kwenye Python ukifungua na maktaba ya xarray ukaandika tu jina la dataset likajimwaga lote kwenye skrini. Haimalizi bando, haijazi RAM, sekunde chache umeshajua unashughulika na nini. Mi nasema hivi, mtu asiyeweza kunisomea hiyo hedi, yaani hayo maelezo ya faili, kwa sauti na kunieleza kila mstari maana yake nini bado hajaanza kazi.

Hata kabla ya hapo usiamini herufi za mwisho wa jina. Faili linaweza kuitwa .nc na ndani likawa kitu kingine kabisa. Angalia baiti za mwanzo, kwenye Linux ni `head -c 8`, utaona NetCDF ya zamani inaanza na herufi CDF, ile ya kisasa ya NetCDF-4 ndani yake ni HDF5 kwa hiyo kuna baiti moja isiyosomeka halafu zinafuata herufi HDF, GRIB inaanza na neno GRIB na kila ujumbe wake unafungwa na 7777. Ukikuta limeanza na `<html` au `<!DOCTYPE` basi hujashusha data, umeshusha ukurasa wa kulogin na umeusevu kwa jina la .nc. Hii inatokea sana seva ikitaka password na wewe unashusha kwa skripti. Na mtandao ukikata katikati, GRIB angalau ile 7777 ya mwisho itakosekana na utajua, lakini NetCDF ya zamani maelezo yake yote yako mwanzoni mwa faili, kwa hiyo linaweza kufunguka vizuri likakuonyesha majina yote wakati nusu ya data haipo. Linganisha ukubwa wa faili ulilonalo na ule ulioandikwa kwenye seva, ni jambo dogo ila wengi hawalifanyi.

Tukija kwenye ukubwa. Faili moja la CHIRPS la mwaka mzima la dunia kwa siku lina visanduku 7,200 kwa 2,000, zidisha kwa siku 365, ni namba zaidi ya bilioni 5, kila moja baiti 4, jumla karibu gigabaiti 21. Kwenye diski limebanwa liko gigabaiti moja na kitu ndo maana mtu haoni tatizo, analiita lote kwa mpigo kwenye laptopu ya RAM gigabaiti 8, laptopu inaganda, anasema programu mbovu. Programu siyo mbovu, umeiomba dunia nzima wakati unataka mkoa mmoja. Kata kipande, longitudo 34.5 mpaka 37 na latitudo -7.5 mpaka -4, hiyo ni visanduku 50 kwa 70, kwa mwaka mzima haifiki hata namba milioni 1 na laki 3, megabaiti kama 5 tu. Kwenye MATLAB `ncread` inakubali umwambie aanzie wapi na achukue vingapi, kwenye xarray ukifungua dataset haivuti namba mpaka uziombe kweli, kwa hiyo kata kwanza ndo uite. Alafu usishangae kama kuchukua nukta moja ya Dodoma mjini kwa mwaka mzima kunachukua muda mrefu kuliko kuchukua ramani ya siku moja. Namba zimebanwa kwa mafungu, na mafungu yakiwa yamepangwa kwa ramani basi kwa kila siku inabidi ilifungue fungu zima ili ikupe namba moja.

Kitu kingine ni alama ya kutoa. Dodoma mjini ni kama latitudo -6.17 na longitudo 35.74. Ukiisahau ile alama ya kutoa mbele ya 6 programu haitakulalamikia, itakupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia na kukuletea mvua ya huko, mvua nyingi tu na nzuri, na utakaa unashangaa mbona Dodoma kuna mvua Julai. Ukigeuza namba zote mbili, ya latitudo ukaiweka kwenye longitudo, uko baharini karibu na Tangier, Moroko, na CHIRPS haina mvua ya baharini kwa hiyo utapata utupu, hapo angalau utashtuka. Tena ERA5 latitudo zake zinashuka kutoka kaskazini kwenda kusini na CHIRPS kwenye NetCDF zinapanda, kwa hiyo kodi (code) ileile ya xarray inayosema chukua kuanzia -7 mpaka -5 itakupa data kwenye moja na kwenye nyingine itakupa dataset yenye latitudo sifuri, hamna error, ni kasha tupu limerudi kwa heshima zote. MATLAB nayo inazipanga dimensheni kinyume na Python, faili lilelile Python inaanza na muda kisha latitudo kisha longitudo, MATLAB inaanza na longitudo na muda unakuja mwisho. Ukikopi kodi ya mtu kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kujua hilo utakuwa unakata siku ukidhani unakata longitudo. Dawa yake naijua moja, chora ramani ya siku moja ya mvua kisha weka mipaka ya Tanzania na maziwa juu yake. Ziwa Victoria likiwa mahali pake na Pemba iko mashariki, endelea.

Kuhusu vipimo nitapita haraka. ERA5 inatoa mvua kwa mita siyo milimita, kwa hiyo 0.012 ni milimita 12, mvua ya kueleweka kabisa kwa huku kwetu, lakini kwenye grafu inaonekana kama hakuna kitu. Na mafaili mengi, yakiwemo ya ERA5 ya miaka iliyopita, yanahifadhi namba kamili za biti 16 ili yasiwe makubwa, halafu ndani kuna `scale_factor` ya kuzidishia na `add_offset` ya kujumlishia. `ncread` inakufanyia hiyo hesabu yenyewe, xarray pia. Ukitumia njia za chini zaidi, `netcdf.getVar` ya MATLAB ama h5py ya Python, unapewa namba mbichi na hesabu ni juu yako.

Sasa tufike kwenye lile ninaloliona ni kubwa kuliko yote, na ni kubwa zaidi kwa watu wa Dodoma, Singida na ukanda huu wote wa kati, sifuri.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 hivi, na kuanzia Juni mpaka Septemba ni kukavu. Maana yake nusu ya mwaka sifuri ni jibu sahihi. Ni kipimo halali kabisa, mtu ameenda kwenye kipima mvua akakuta hamna kitu akaandika 0. Lakini siku ambayo hakuna aliyeenda kupima, au karatasi imelowa, au kifaa kimevunjika, hiyo siyo sifuri, hiyo ni hatujui. Mahali kama Bukoba, mwezi mzima wa masifuri ungemshtua yeyote. Hapa kwetu hayamshtui mtu, yanajichanganya na kiangazi cha kweli na hakuna jicho litakaloyatofautisha baadaye.

Na programu zinatusaidia kuharibu bila kelele. CHIRPS inaweka -9999 pale pasipo na data, hiyo ukiisahau ni rahisi kuiona, jumla ya mwaka itatoka hasi na utarudi kutafuta. Mtu anaona hizo hasi, anaamua kuzigeuza zote kuwa 0 ili kodi iendelee, na `fillna(0)` ni maneno machache tu kuandika. Hata asipofanya hivyo, kuna hii ambayo wengi hawaijui, kwenye pandas, maktaba nyingine ya Python, na xarray ukijumlisha mwezi ambao siku zake zote ni NaN, yaani hakuna namba, unapewa 0, siyo NaN, mpaka uandike `min_count=1`. MATLAB nayo ukisema `sum` na 'omitnan' ni hivyohivyo, kila kitu kikiwa hakipo jibu ni 0. Kwa hiyo kituo kikiharibika mwezi wote wa Januari, kompyuta inakuandikia Januari ilikuwa milimita sifuri. Januari! Mwezi ambao uwele na mtama uko shambani unasubiri. Anayesoma ripoti hiyo ataandika kwamba kulikuwa na ukame mkali Januari ya mwaka fulani, atakayekuja ataitumia kama ushahidi, na hakuna ukame uliotokea, kifaa kilikuwa kimevunjika. Siku moja afisa kilimo aliniuliza, "kwani mvua za Januari siku hizi hazipo kabisa?" akiwa ameshika grafu ya aina hiyo. Ilikuwa miezi iliyokosa data, tulirudi kwenye madaftari tukaona kurasa ziko wazi.

Ndo maana nasisitiza, kabla ya kujumlisha hesabu kwanza siku zenye data ni ngapi kwa kila mwezi, chora hiyo hesabu peke yake, ikae mezani pembeni ya grafu ya mvua. Na kwa data za kuchapa kutoka kwenye madaftari angalia mtu aliyechapa kaweka nini, wengine wanaacha wazi, wengine wanaweka kistari, wengine 999, wengine TR kwa zile mvua za matone ambazo hazipimiki. Hizo zote nne zinaweza kuwa na maana tofauti na programu haitakuuliza, itazimeza tu.

Muda nao una mambo yake. NetCDF haiandiki tarehe kama tunavyoandika sisi, CHIRPS inahesabu siku tangu 1 Januari 1980, kwa hiyo namba 6575 ni 1 Januari 1998. datenum ya MATLAB, namna yake ya zamani ya kuandika tarehe, inahesabu siku tangu mwaka sifuri, ambapo 1 Januari 1970 ni 719529. Ukichanganya mifumo hiyo unapata tarehe za ajabu na utagundua, hiyo siyo mbaya. Mbaya ni ile ya masaa. ERA5 iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hiyo siku ya UTC kwetu inaanza saa tisa usiku. Kipima mvua cha kituo kinasomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 06:00 UTC, na kinachosomwa ni mvua ya masaa 24 yaliyopita, jana yote ya mchana na jioni imo humo. Mvua zetu nyingi zinapiga alasiri na jioni. Basi mtu analinganisha siku kwa siku data za kituo na za ERA5, anaona hazifanani kabisa, anaandika kwamba ERA5 haifai kwa Dodoma, wakati zimepishana siku moja tu. Jumlisha masaa ya ERA5 kuanzia 06:00 mpaka 06:00 kwanza ndo ulinganishe, halafu utoe hukumu yako.

Mafaili ya .mat niyaseme kidogo maana yanazunguka sana vyuoni. Leseni ya MATLAB ni ghali, wengi wetu tunatumia Octave ambayo ni bure na aliianzisha John W. Eaton mwaka 1992, au Python. `loadmat` ya SciPy, maktaba ya Python, inasoma matoleo ya zamani mpaka la 7 bila shida, lakini mtu akiwa na data inayozidi gigabaiti 2 kwa kigezo kimoja MATLAB inamlazimisha kusevu kwa toleo la 7.3, na hilo ndani yake ni HDF5, `loadmat` italikataa na inabidi utumie h5py. Hapo tena utakuta jedwali zimegeuzwa, mistari ya mlalo imekuwa safu za wima, na maneno yamekuwa namba. Kama unampa mwenzako data na siyo kubwa, msevie kwa `-v7`, utakuwa umemwokolea wiki ya mahangaiko.

Kwa nini naongea kwa uchungu hivi kuhusu namba za kwenye mafaili? Kwa sababu maji tunayokunywa Dodoma sehemu kubwa yanatoka visima vya Makutupora, na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa rekodi ya miaka 55 ya kina cha maji pale chini. Walichokiona ni kwamba maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka, yanajazwa kwa kiasi kikubwa na misimu michache yenye mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Sasa fikiria mwanafunzi aliyefundishwa kwamba namba inayozidi wastani kwa mara tatu ya mchepuko wa kawaida (standard deviation) ni uchafu wa data, anaifuta. Mvua za Dodoma hazijapangika hivyo, siku nyingi ni sifuri na chache ni kubwa sana, na hizo chache ndo zinazotujazia visima. Akizifuta amefuta maji yetu kwenye rekodi, na kodi yake inatembea vizuri bila error. Wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, 1947 mpaka 1951, waliingia na matrekta kwenye nchi ambayo mvua yake hawakuielewa, na hasara yake inajulikana mpaka leo. Wao walikuwa na rekodi chache. Sisi tunazo za zaidi ya miaka 40, kwa siku, bure, mpaka za Bahi na Hombolo.

Kwa hiyo na sisi tukisevu tusevu vizuri. Madaftari ya mvua ya shule na ya misheni yakichapwa yasiishie kwenye shiti inayoitwa final2_mpya. Andika NetCDF, jina la kigezo lieleweke, kipimo andika mm kwa siku, `_FillValue`, ile alama ya pasipo na data, iwe -9999 na isiwe sifuri kamwe, muda andika unaanzia lini na kwamba siku inahesabiwa saa tatu asubuhi mpaka saa tatu asubuhi, latitudo na longitudo ya kituo na mwinuko wake, na kwenye historia sema imechapwa kutoka daftari gani na kurasa zipi zilikuwa hazisomeki. Ongeza safu nyingine pembeni ya kuonyesha kama namba imepimwa au haikupimwa. Inachukua mistari kama ishirini ya Python, na nikiulizwa nawapa ya kwangu waibadilishe. Kile kipande cha CHIRPS cha mkoa wetu nilichokitaja juu, miaka 40 yote haizidi sana megabaiti 200 hata bila kubanwa, inaingia kwenye flashi ya bei rahisi kabisa na nafasi inabaki. Asiye na bando aje na flashi yake, na siku hiyohiyo tunaifungua pamoja na kuanza na hedi.